Sio Sirosisi, Ni Ile Ingine

Wasichana wa meza ya pasi, mnasemaje.

Ile siku ya kuniaga mlinikatia keki na kunifunga leso mpya kiunoni, Faith aliniuliza mbele ya watu wote, "Shosho, kwani sisi tulikukosea nini? Kila tukijaribu pasi na kidole ulikuwa unatugonga mkono." Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikasema nitawaandikia. Mlidhani ni maneno ya keki. Niliishia darasa la nne, lakini kalamu naishika vizuri kuliko vile wengine wenu mnashika pasi, kwa hivyo kaeni chini mnisome.

Nilikuwa nawagonga kwa sababu ya kidole kimoja. Hicho kidole kitafika kwa zamu yake. Shati naanza na kola, na hii hadithi pia naianza kwa kola.

Kazi ya nguo niliianzia mtaa wa Ayany. Nilikuwa nimetoka nyumbani Siaya, nakaa Kibera, na mtoto mgongoni, huyo Adhiambo ambaye nyinyi mnamwita Adhis. Sisi mama fua tulikuwa tunakaa nje ya geti tangu alfajiri, na wenye nyumba wanakuja kutuchagua vile mtu huchagua nyanya, anageuza huyu, anaacha, anashika yule. Siku ya kwanza mama mmoja akanichukua. Akanionyesha karai la mashati meupe ya mume wake, akaniuliza, "Bluu ya kung'arisha unajua kutumia?"

"Najua."

Sikujua. Nyumbani tulifua mtoni, na mto hauulizi mambo ya bluu. Nilimwaga paketi yote. Yule bwana alienda ofisini wiki nzima akiwa rangi ya mbingu. Nilingoja kufukuzwa, lakini yule mama alicheka mpaka akakaa kwa ngazi, akasema, "Rudi kesho nikufundishe, mwongo wewe." Nikarudi. Ndiyo nawaambia, mtu mpya akiharibu nguo, angalieni kwanza kama amerudi kesho yake.

Huko Ayany ndiko Mama Mutua alinipata. Mama Mutua alikuwa Mkamba wa Machakos, mfupi, mweusi, sauti kama ya mzee wa kanisa, na ndiye alikuwa mkubwa wa meza hapo dobini kwetu Kabiro kabla nyinyi hamjazaliwa. Alikuwa amekuja kuchukua suti za wateja. Akaona vile nimekunja shuka, akaligeuza, akatafuta kosa, akakosa. "Wewe mkono wako umenyooka," akasema. "Kuja Kabiro, uwache kukaa kwa geti kama mbwa."

Kile chumba mnakijua. Mabati juu, majiko chini, mvuke katikati. Siku hizo pasi zilikuwa za makaa, na ikifika saa sita mtu anaiva kama githeri. Siku yangu ya kwanza Mama Mutua alinipa vitambaa vya mkono tu, mpaka jioni. Siku ya pili pia vitambaa. Nilipolalamika akaniambia kama siwezi kunyoosha kitu cha kupangusia makamasi, hawezi kunipa kanzu ya padri.

Alinifundisha pasi kwa kidole. Unalamba, unagusa, unatoa. Pasi ikiitika "chss!" ya haraka, hiyo ni ya pamba. Ikiitika polepole, hiyo ni ya hariri. Ikinyamaza, irudishe jikoni. Pasi za stima zilipokuja, na hicho kigurudumu chake cha namba, hakukiamini. "Hiyo namba ni ya mtu wa kiwanda," alikuwa anasema. "Kidole ni chako."

Kazi ngumu nilizipata. Kanzu za kwaya zenye marinda, ambazo ukikosea rinda la kwanza, waimbaji wote wanasimama wakiinama upande mmoja. Gauni la bibi harusi lililoletwa asubuhi ya harusi likiwa na chai kifuani, na bibi harusi mwenyewe ndani ya gari akilia na rola kichwani. Lakini ile ninaikumbuka zaidi ni suti moja ya kijivu. Mjane mmoja aliileta kila mwaka ipigwe pasi, halafu anairudisha kabatini. Mwenyewe alikuwa amekufa zamani. Mara ya kwanza nilipitisha pasi juu juu, nani ataona? Mama Mutua akanirushia tena mezani. "Ipige kama mwenyewe anakuja kuichukua." Niliipiga hivyo mpaka yule mjane pia akaacha kuja.

Mama Mutua alirudi kwao Machakos, meza ikabaki na mimi. Adhis alipomaliza shule akaja tukasimama bega kwa bega. Alikuwa ananishinda, na naandika hivyo bila wivu kwa sababu ni mimi nilimzaa. Kola yake ilikuwa inakaa kama imekatwa na kisu. Baadaye akanizalia mjukuu, Blessing, ambaye ananiita Dani, vile Wajaluo huita nyanya. Huyo Blessing husoma hata gazeti la kufungia nyama, anamaliza ndiyo anatupatia nyama. Sitamsifu zaidi. Mtasema ni uzee.

Sasa kidole.

Ilikuwa katikati ya asubuhi. Adhis ananihadithia ugomvi wa kwaya, nani amenyimwa kuimba peke yake na nani amenuna. Akalamba kidole, akagusa pasi. Chss. Na akaendelea kuongea. Mimi nangoja atoe mkono. Hatoi. Anaongea, anacheka, anaiga sauti ya mwalimu wa kwaya, na kidole kiko kwa chuma. Nilinusa kwanza ndiyo nikaelewa. Mnajua harufu ya pamba ikiungua, na ya sufu. Hiyo haikuwa ya nguo.

"Adhis! Kidole!"

Akakitoa. Akakiangalia vile mtu huangalia kidole cha jirani. Ncha ilikuwa nyeupe, imekunjamana. "Ai, Mathe," akasema, "hata sijasikia." Na akacheka.

Mimi sikucheka. Nilimshika ule mkono nikaupeleka kwa maji. Yeye alikuwa ananiangalia kama mimi ndiye nimeungua.

Kuanzia hapo nikaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Alianza kugonga kona za meza ambayo ameizunguka miaka yote. Kisha jicho moja likaingia ukungu, "kama naangalia kupitia kwa karatasi ya nailoni, Mathe," halafu baada ya wiki kadhaa likafunguka lenyewe. Tukamshukuru Mungu, tukadhani imeisha. Kisha miguu. Siku za jua kali, ikifika mchana mbele ya mvuke, alikuwa anatembea kama mtu aliyetoka kilabu. Jioni hewa ikipoa, mzima.

Hiyo ndiyo ilimmaliza kwa midomo ya watu. Asubuhi mzima, mchana anapepesuka, jioni mzima. Walisema hiyo ni ratiba ya mtu ambaye amejificha na chupa. Na mimi mama yake, siku moja nilimsogelea nikamnusa mdomo.

"Mathe, unaninusa?"

"Nakunyooshea kola."

"Hii ni tishati. Haina kola."

Alinukia chai na mandazi. Nikaona haya, lakini nikaona hofu zaidi. Kama sio pombe, basi ni nini?

Tukaenda hospitali, tukatumwa hospitali nyingine, akaingizwa kwa ile mashine kama mtungi inayopiga kelele, akatolewa picha za kichwa na mgongo. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, na sura ya kutolala. Alibandika picha kwa taa. Nikaona madoa meupe ndani ya kichwa cha mtoto wangu. Mimi kazi yangu yote ni madoa. Nikamuuliza, "Hayo hutoka na nini?"

Kisha akasema jina refu la Kizungu. Nitaliandika vile baadaye nilifundishwa: maltipo sklerosisi. Akasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ambao mwili unajishambulia wenyewe. Nikauliza hufanya mtu nini. Akasema kuna wale miguu yao hukataa, kuna wale wa macho, na kuna wale hukaa miaka mingi wakiendelea na maisha yao. Mimi nilisikia wale wawili wa kwanza. Wale wa tatu, Adhis ndiye aliyeniambia baadaye kwamba walitajwa.

"Lakini mimi nimeona wagonjwa wachache sana wa hii," yule kijana akasema. "Kuna daktari bingwa ambaye kazi yake ni huu ugonjwa. Nataka naye amwone. Tupate maoni ya pili."

"Maoni ya pili ni kusema wewe huna hakika?"

"Nina hakika kiasi, mama. Kwa kitu kama hiki, kiasi haitoshi."

Nilimpenda kwa hayo maneno. Na nikayashika vibaya. Nikasema moyoni, huyu hajui, huyo mwingine atakuja kusema sio.

Lile jina nililibeba kutoka hospitali mpaka Kibera, na njiani likawa linamwagika. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimebaki na mkia tu. Jumapili akina mama wa kanisa wakauliza, mtoto anasumbuliwa na nini? Nikajaribu. "Wamesema ni... rosisi. Kuna rosisi kwa nyuma."

Mama Brayo ndiye kiongozi wetu wa maombi, na jirani yangu wa ukuta mmoja. Akafunika mdomo. "Sirosisi?"

"Kitu kama hiyo."

Wasichana, nyinyi mnajua. Hapa kwetu nani hajui sirosisi? Ni ugonjwa wa ini, ule unabeba wanaume wetu wa chang'aa, tumbo linavimba, macho yanakuwa rangi ya manjano. Hata mtoto wa chekechea anaijua. Kabla sijafunga mdomo, Mama Brayo alikuwa ameshamwekea Adhis mikono kichwani.

"Wewe pepo ya pombe! Nasema toka!"

"Toka!" akina mama wakaitikia.

"Wewe pepo ya chupa! Mwachilie huyu binti!"

"Mwachilie!"

Na Adhis amesimama hapo katikati, mtu ambaye hata ile divai ya meza ya Bwana humfanya akunje uso, na Blessing amemshika sketi. Kichwa kinasukumwa, miguu yake haina nguvu, akaanguka. Wakapiga makofi. Wakasema imetoka.

Blessing ndiye aliyemwinua. Mimi nilikuwa nimeganda.

Habari ilivuka Ngong Road ikafika Kabiro kabla yetu. Jumatatu Bwana Kilonzo, ambaye wakati huo alikuwa ndiye msimamizi mpya, akaniita kando ya mlango. Hakuwa mtu mbaya, na bado si mbaya, mnaye hapo. Akasema, "Mama Adhis, mimi sina neno na binti yako. Lakini mtu wa sirosisi, na pasi ya moto, na mashati ya watu? Aende kwanza akaache."

"Sio pombe."

"Basi ni nini?"

Nikafungua mdomo. Jina halikuja. Nilisimama hapo kama mtoto aliyeulizwa hesabu, na Adhis akatoa aproni yake mwenyewe, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Hata hapo aliikunja vizuri.

Nyumbani niliwaka moto. Nikasema naenda mlango kwa mlango, naanza na Mama Brayo, nitamnyoosha bila stachi. Adhis alikuwa ameketi kitandani anasugua mguu.

"Wacha tu, Mathe. Mimi naomba iwe pombe."

"Unasema nini wewe?"

"Pombe mtu huacha."

Nilitoka nje nikafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Kumngoja yule daktari bingwa, sitaki kukudanganyeni, ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na sikuwa na chombo chochote mkononi. Tulipewa siku, na hiyo siku ilikuwa mbali. Nikawa mwoga kama kuku. Niliogopa birika. Niliogopa jua likiwaka. Mvua ikinyesha na watu wote wanalaani matope, mimi nafurahi kwa sababu amepoa. Nilijifunza kusikiliza ndala zake nje kabla hajaingia: mguu wa kulia "pa", wa kushoto "shwaa". Nikisikia "shwaa" imekuwa ndefu, nashika mwiko haraka. Yeye akiingia ananikuta napika, naimba, kama mtu asiye na masikio.

Nilikuwa naomba pia. Niliomba daktari mmoja aaibike. Sikujali ni nani, bora ni yule wa kwanza.

Siku ikafika. Adhis alivaa blauzi nyeupe niliyompigia pasi mimi mwenyewe, kola, mabega, mikono, kama anakwenda kuolewa. Kwa benchi ya kungojea kulikuwa na mwanamume mmoja mwenye fimbo, na msichana wa umri wa Adhis kwa kiti cha magurudumu, anacheka na simu yake. Nilimwona Adhis akimwona. Nikajikohoza, nikaanza kuongea mambo ya bei ya sukari, upuzi tu, ili ageuze shingo. Hakugeuza.

Daktari alikuwa mama, nywele fupi, miwani imening'inia. Hakuangalia picha kwanza. Alimwambia Adhis atembee kwa mstari, kisigino mbele ya kidole. Alimgonga magoti kwa nyundo ndogo. Akauliza, "Ukiinamisha kichwa, kuna kitu kinapita mgongoni?"

"Kama stima," Adhis akasema. "Inashuka mpaka miguuni. Umejuaje?"

Mimi nilielewa amejuaje: ameshawaona wengine kama yeye.

"Ukioga maji ya moto?"

"Miguu inaisha. Nakaa kwa beseni mpaka nipoe ndiyo natoka."

Hilo hakuwa ameniambia. Mimi ndiye nilikuwa namchemshia hayo maji.

"Kazi unafanya gani?"

"Pasi," Adhis akasema. Halafu akasema, "Nilikuwa nafanya."

Kisha daktari akamwambia afunge macho. "Nitakugusa. Ukisikia, sema nasikia." Akachukua kitu chembamba, akaanza kwa bega. "Nasikia." Kiwiko. "Nasikia." Kifundo cha mkono. "Nasikia." Akafika kwa vidole. Akagusa kile chenye kovu. Kimya. Akagusa tena. Akagusa cha pembeni yake. Mimi naona ncha inazama kwa ngozi, na uso wa mtoto wangu umetulia, anangoja aguswe. Wasichana, nilitaka kumsemea. Nilitaka kupiga kelele "nasikia!" kwa sauti yake.

Ndipo akaangalia picha. Alizitazama kwa muda. Mimi nikaona kama nitamwacha aongee kwanza, itakuwa imeshasemwa. Nikamtangulia.

"Daktari, nakuomba. Sema ni pombe."

Akashusha miwani. "Mama?"

"Kwetu wamesema ni sirosisi. Amefukuzwa kazi kwa hiyo sirosisi, ameombewa akaangushwa chini. Mimi nakubali. Andika tu ni hiyo. Nitamwachisha mimi mwenyewe."

"Anakunywa?"

"Hajawahi kuonja."

Yule daktari alimwangalia Adhis, na Adhis akaangalia dari, na midomo yake inatetemeka, sikujua kama ni kilio. Kumbe ni kicheko. Akacheka mpaka akashika meza. Daktari naye akashindwa. Mimi peke yangu ndiye sikuwa nacheka.

Kisha daktari akavuta kiti chake akaja upande wetu. Akanishika mkono, akasema, "Mama, sema skuli."

"Skuli."

"Sasa sema skle."

"Skle."

"Rosisi."

"Rosisi."

"Skle-rosisi. Hii nyingine, sirosisi, ni ya ini, na binti yako ini lake ni zima. Yeye ana hii ya skle. Daktari wa kwanza hakukosea. Mimi pia nimeiona."

Hivyo tu. Maoni ya pili yalikuwa ya kwanza.

Sijui mtu mwingine huwa anafanya nini. Mimi niliangalia ile blauzi. Kulikuwa na kikunjo karibu na kifungo cha tatu, nilikuwa nimekiruka. Nikakinyoosha kwa mkono, nikakinyoosha tena.

Adhis ndiye aliyeuliza. "Nitatembea?"

"Leo unatembea," daktari akasema. "Ya miaka ijayo sijui, na mtu akikuambia anajua, muulize amejulia wapi. Kuna dawa za kupunguza haya mashambulizi. Yale yameshaharibika hazirudishi yote. Tutaanza, na utakuwa unakuja kwangu."

Akatueleza kwa pasi, kwa sababu ndiyo tunaijua. Akasema mishipa ya fahamu ni kama waya wa pasi, ina ganda lake, na hilo ganda limechunika hapa na pale. Stima inatoka kichwani, ikifika mahali palipochunika inapotea au inachelewa. Joto linafanya ipotee zaidi, lakini likiondoka inarudi pale ilikuwa. "Joto halichuni waya," akaniambia, akinitazama mimi. "Yale maji uliyomchemshia hayakumletea ugonjwa." Sikuwa nimemuuliza. Aliona tu.

Kesho yake nilienda Kabiro. Bwana Kilonzo alikuwa amepiga magoti, anafunga waya wa pasi kwa utepe mweusi wa gundi. Nikasimama juu yake, nikasema, "Skle-rosisi."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo hiyo unafunga hapo. Lakini iko ndani ya mtoto wangu, na hakuna gundi."

Aliuweka ule waya chini, akasema binti arudi. Ndiyo sababu mnaona Adhis anakaa pale kwa kaunta, karibu na mlango, na feni ni yake, na nyinyi mnanung'unika kwamba binti wa Shosho anapendelewa. Sasa mmejua. Yeye anakagua kola zenu, na mkiona amenyamaza ghafla na anashika ukingo wa kaunta, msimkimbilie kwa kelele. Mpeni maji baridi na mmwache.

Mama Brayo alikuja kwangu na kuku. "Si ni wewe ulisema sirosisi!"

"Nilisema kitu kama hiyo."

"Basi nisamehe kitu kama hiyo." Tulimchinja yule kuku. Bado anamwombea Adhis kila Jumapili, lakini sasa anakemea pepo ya waya. Adhis husema mwacheni, afadhali hiyo, hata kama inasikika kama mtu ameleta fundi wa stima kanisani.

Mimi nimeacha meza kwa sababu magoti yamechoka, na kwa sababu kuna siku ambazo Adhis haamki vizuri, na nataka niwe karibu. Kuna zilizo nzuri pia. Wiki jana alitembea mpaka shuleni kwa Blessing na kurudi. Kuna zingine namsikia "shwaa" akitoka tu kitandani, na moyo wangu unarudi kwa ile benchi.

Kwa hivyo, pasi. Msijaribu kwa kidole tena. Chovya mkono kwa maji, nyunyiza kwa mbali, sikiliza. Itaitika vilevile. Mama Mutua angenikasirikia, lakini Mama Mutua hakusimama pale niliposimama mimi. Nguo ya sufu weka kitambaa chenye unyevu juu yake. Marinda funga na uzi kabla ya pasi. Na mkipata suti ya marehemu, mnajua.

Mimi siku hizi kazi yangu ni moja. Asubuhi kabla ya chai, Adhis anakaa kwa stuli, anafunga macho. Nachukua kijiko nimekitoa kwa maji baridi, namgusa bega, kiwiko, kifundo, vidole, vile nilivyoona daktari akifanya. Anasema nasikia, nasikia. Nikifika kwa kile chenye kovu huwa nakichovya kijiko tena kwanza, napunguza mwendo.

Jana nilipofika hapo alisema, "Nasikia, Mathe."

Kijiko kilikuwa bado kwa maji.